Suti ya Rasi kwa Rasi

Mimi si mtu wa kusamehe, na sioni haya kulisema. Wapo wanaosamehe wakalala usingizi mzuri. Mimi usingizi mzuri niliupata siku niliyolipiza, na anayetaka kunihukumu amjue kwanza Mwalimu Adelard.

Aliingia dukani kwangu Sinza mwaka wa tisini na nne. Wakati huo jina langu lilikuwa limeshakaa mjini. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa ikajaa kila kona, na mafundi wengi walifunga vyerehani vyao wakilia kwamba kazi imekufa. Mimi niliona kinyume. Mtu huvaa mtumba kazini, huvaa sokoni, lakini siku ya shughuli yake anataka nguo iliyokatwa kwa ajili yake. Nikashika harusi, nikashika sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa, nikashika sare za kamati, na Mungu akanifungulia. Nikawa na vyerehani chumba kizima na mkataji wangu Mashaka, ambaye mkasi wake haukosei.

Mwalimu alikuja na binti yake, Jovina, msichana mpole aliyekuwa akifanya kazi benki. Sendofu yake ilikuwa imekaribia, ukumbi umeshapatikana Kinondoni. Yeye alitaka gauni, na baba yake alitaka suti.

Nilimtambua kabla hajavuka kizingiti. Kichwa kilikuwa na mvi, tumbo limetangulia, viatu vimechoka, lakini ile namna yake ya kumtazama mtu kama anayesahihisha daftari haikubadilika hata kidogo. Yeye hakunitambua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Fundi mwenyewe ndiye wewe?"

"Ndiye mie. Karibuni mkae."

Moyoni nikajiambia: Mwanaheri, kitoweo kimejileta chunguni chenyewe.

Mwaka wa themanini nilikuwa darasa la saba, shule moja ya msingi kule Temeke, na Mwalimu Adelard alitufundisha jiografia. Siku moja aligawa atlasi, moja kwa kila dawati, akaandika ubaoni majina ya nchi: Kenya, Tanzania, Msumbiji, Somalia, Norwei. Akatuambia tuzipange kwa urefu wa pwani zake, kuanzia ndefu kuliko zote, kisha akatoka kwenda kuvuta sigara.

Wenzangu walichukua rula. Wakairusha kutoka rasi moja hadi nyingine, tangu mpaka wa juu hadi wa chini, wakasoma, wakaandika, wakaanza kupiga soga. Mimi nilikuwa na uzi mwekundu mfukoni. Mama yangu alikuwa anashona kofia, na nyuzi zake zilinifuata kila mahali. Nikaulowesha kwa mate ili ushike karatasi, nikaanza kuulaza juu ya mstari wa pwani, nikiusukuma kwa ukucha kila mahali maji yalipoingia nchi kavu. Somalia haikunichukua muda, pwani yake imenyooka. Tanzania ikanichelewesha kidogo kwa vighuba vyake. Lakini Norwei! Kale kanchi kembamba juu kabisa ya ramani kalikuwa na maji yaliyopenya ndani, yakajigawa, yakapenya tena, uzi ukaniishia nikaunga mwingine. Nilipoukunjua uzi wake nikaulinganisha na wa Somalia, Norwei ilikuwa imeiacha Somalia mbali sana.

Mwalimu aliporudi, darasa zima lilikuwa limeandika Somalia. Mimi peke yangu nimeandika Norwei.

"Wewe Mwanaheri, Norwei na Somalia wapi na wapi? Umeota?"

"Nimepima, mwalimu."

"Umepima nini? Pwani inapimwa rasi kwa rasi. Ghuba hazihesabiwi."

"Lakini mwalimu, mtu akitembea kwa miguu pembeni mwa maji, si ataingia kila ghuba? Hawezi kuruka."

Darasa likacheka. Walimcheka yeye au walinicheka mimi, sijui mpaka leo. Yeye aliamua kwamba amechekwa yeye. Akauchukua ule uzi wa mama yangu, akanifunga kichwani, sikio kwa sikio, akanisimamisha kwenye mlingoti wa bendera mpaka shule ilipofungwa. Kila aliyepita alimsikia akisema, "Watu wa pwani hawa, na pwani yenyewe hawaijui."

Uzi ningemsamehe. Mtoto gani wa zama zile hakuadhibiwa bila kosa? Kilichofuata ndicho nilichokibeba.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Walichaguliwa wachache mno, na sikuwa miongoni mwao. Lakini baba yangu, Mzee Mwinjuma, alikuwa na shamba la minazi njia ya Kongowe, na alishaanza kusema kwamba bora auze minazi anisomeshe sekondari ya kulipia kuliko kunikalisha nyumbani. Sijawahi kuwa na furaha kama siku zile. Nililala nikihesabu minazi kichwani, na kila mnazi nikauita kidato.

Baba akamwalika Mwalimu Adelard kahawa ili amwombe ushauri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kashata.

"Mwalimu," baba akasema, "huyu binti wewe ndiye unayemjua. Niuze?"

Mwalimu akanywa kahawa yake taratibu. "Mzee, usipoteze minazi yako. Binti mbishi, kichwa kigumu, hata kupima pwani ya nchi hawezi. Huyo muozeshe."

Baba aliamini neno la mwalimu kuliko macho yake mwenyewe. Minazi ikapona, nikaozwa mimi. Mume aliitwa Fakihi, mwenye mashine ya kusaga Mbagala, mtu mzima wa kuweza kunizaa, mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Sitamsimulia zaidi, hastahili.

Mwaka mmoja baadaye mdogo wangu Munira, aliyekuwa sasa kwenye darasa la mwalimu yuleyule, alikuja kunitembelea. Nilikuwa nakanda unga. Akatoa uzi kwenye mkoba wake wa shule.

"Dada, Mwalimu Adelard katufundisha kupima pwani kwa uzi. Unaulowesha na mate, unauingiza kwenye kila ghuba. Eti Norwei inaishinda Somalia, unaamini?"

Nikakaa chini na unga wangu mikononi. Kumbe alikuwa ameujua ukweli. Hasira iliyonishika siku ile haikutoka tena. Nilipoachana na Fakihi nilikuwa nayo, nilipojifunza cherehani kwa shangazi nilikuwa nayo, na nilipofungua duka Sinza niliingia nayo. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Basi ndiye huyo sasa amesimama mbele yangu, amenyoosha mikono apimwe.

"Mikono chini, mwalimu," nikasema. "Simama wima, usipumue sana."

Akanitazama kupitia kioo. "Umejuaje kama ni mwalimu?"

"Jovina kaniambia," nikadanganya bila kupepesa.

Nikaanza. Mgongo wa mtu una kilima cha bega, una bonde, una kilima kingine. Fundi wa kweli huiacha futi yake ya kupimia ifuate, halafu huongeza nafasi ili mtu aweze kuinua mkono, kukaa, kuinama. Mimi niliivuta futi ikakaza, bega kwa bega, kilima kwa kilima, bonde nikaliruka. Kifuani vivyo hivyo. Nyonga vivyo hivyo. Nilimpima rasi kwa rasi, na ghuba zake sikuzihesabu, kama alivyonifundisha.

Mashaka alipoletewa vipimo akakuna kichwa. "Bi Heri, huyu mzee mbona hapa kawa mwembamba? Nimemwona akiingia, yule si wa vipimo hivi."

"Kata nilichoandika."

"Haya. Lawamani simo."

Jambo moja tu nililifanya kwa faida yake. Ndani ya mishono niliacha akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili kila upande, ili nguo iweze kufumuliwa na kupanuliwa. Haikuwa huruma. Nilitaka nimuulize swali moja kwanza. Akilijibu kwa ukweli, nitaipanua suti, nitaipiga pasi, nitampa mkono na kisasi changu nitakizika. Niliapa hivyo peke yangu, na mimi kiapo huwa sivunji.

Gauni la Jovina lilikuwa jambo jingine. Gauni lile nililishona kwa mikono yangu mwenyewe, kila pindo, na ukilitazama hata leo kwenye picha utajua lilishonwa na mtu aliyempenda mvaaji. Sikuwa na ugomvi na mtoto.

Siku ya kujaribisha, mwalimu alisimama mbele ya kioo akajipenda. Haki ya Mungu, suti ilimkaa! Rangi ya buluu iliyoiva, kola imelala, suruali imenyooka mpaka kisigino. Mradi asimame wima na mikono chini, hakuna waziri aliyekuwa anamzidi.

"Inabana kidogo kwapani," akasema.

"Suti mpya, mwalimu. Itafuata mwili." Kisha nikajifanya nazungumza tu, pini mdomoni. "Jovina anasema ulikuwa unafundisha jiografia. Mie ilinishinda kabisa. Zile pwani za nchi mlikuwa mnazipimaje?"

Uso ukamng'aa. Akachukua kibunda cha uzi mezani kwangu, akalowesha ncha kwa mate, akaanza kuulaza juu ya pindo la kitambaa kilichokuwa pale, akiusukuma kwa ukucha. Kwa ukucha!

"Unaona, mama? Mjinga anaweka rula. Kwa rula Somalia ndiyo inayoongoza, Norwei haifui dafu. Lakini ukiingiza uzi kila mahali maji yanapoingia, Norwei inaipita Somalia mbali sana. Nchi ni zile zile, kipimo ndicho kinachoamua nani mkubwa."

"Na ghuba zinahesabiwa?"

"Zote. Asiyeingia kwenye ghuba hajapima kitu. Wakaguzi walikuwa wanatoka wilayani kuja kuona darasa langu."

"Baba na uzi wake!" Jovina akacheka kutoka chumba cha pili, alikokuwa akijaribu gauni. "Sie nyumbani tumelelewa na hiyo hadithi."

Nikatoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kwenye kifuko chake. "Na wewe, mwalimu, nani alikufundisha?"

Ndilo hilo swali. Nilimpa muda. Nilitazama macho yake kwenye kioo, nikimwomba, ndiyo, nilikuwa namwomba, aseme tu kulikuwa na kibinti fulani. Hata jina asilikumbuke.

"Anifundishe nani?" akasema, akitengeneza tai. "Nilibuni mwenyewe."

"Hongera," nikasema.

Walipoondoka nilifumua bitana, nikachukua mkasi, nikaikata ile akiba yote mpaka ukingoni mwa mshono. Vipande vya buluu vikaanguka sakafuni. Mashaka alikuwa anatazama.

"Bi Heri, sasa nguo hii haina pumzi. Akiinama tu, imekwisha."

"Najua."

"Siku ya sendofu ya mwanawe?"

Nikafikiri juu ya Jovina na moyo ukanichoma. Kisha nikafikiri juu ya yule mwingine, aliyekuwa na sinia la kashata nyuma ya pazia, ambaye naye alikuwa binti wa mtu. "Mie mwenyewe nitakuwepo," nikamwambia. "Fagia hapo."

Sendofu ilifana. Kamati walikuwa na sare zao, muziki unapiga, mshereheshaji anajua kazi yake mpaka anakera. Jovina alipoingia na gauni lile ukumbi ulisimama. Baba yake alitembea kando yake amenyooka, na watu wakasema mzee kapendeza. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama anayetaka kuondoka, nikajua kwamba suti imeanza kumwambia habari.

Keki ikaja. Jovina akapiga magoti mbele ya wazazi, akamlisha mama yake, kisha akamlisha baba yake. Desturi ni kwamba baba amwinue binti. Mshereheshaji akasogeza kipaza sauti. "Baba, mwinue mwanao, umkabidhi baraka!"

Mwalimu Adelard akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

Mgongo ulipasuka kutoka kola mpaka kiunoni. Sauti ile iliingia kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukaisikia. Akashtuka, akachuchumaa kidogo kama anayetaka kujificha, na suruali nayo ikaachia nyuma. Fulana yake ya ndani, singlendi, ilikuwa na matundu. Kicheko kilianzia meza za vijana kikasambaa mpaka kwa wazee. Mama Jovina akafunika uso na kitenge. Jovina alibaki magotini na kipande cha keki mkononi.

Nikainuka. Sindano nilikuwa nayo tayari kwenye mkoba, na uzi nilioutunga ulikuwa mwekundu.

"Jamani, fundi yupo!" mshereheshaji akapiga kelele. "Mpisheni fundi! Huku ndiko kuhudumia mteja!"

Nikamgeuza mwalimu, mgongo wake ukaelekea ukumbini, watu wote wauone. Nikaulowesha uzi kwa mate mbele ya macho yake kabla sijamgeuza vizuri, nikaona ameutazama.

"Usitikisike, mwalimu. Sindano haijui mtu."

Nikaanza chini, kiunoni. Mishono midogo midogo, bila haraka, kila palipochanika kwa kuingia ndani nami nikaingia. Jasho lake lilipenya singlendi likanifika vidoleni.

"Mwalimu," nikasema, "Somalia na Norwei, ipi ina pwani ndefu?"

Mgongo ukawa mgumu.

Mshereheshaji masikio yalimsimama. Akadhani ni utani, akachomeka kipaza sauti kati yetu. "Baba bibi harusi kaulizwa swali! Tena swali la darasani! Jibu, baba, au hushonwi!"

Ukumbi ukashangilia. Ilibidi ajibu.

"Norwei," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote.

"Nani alikufundisha?"

Nilisimamisha sindano. Ncha yake ilikuwa imegusa singlendi, haijachoma. Alikuwa anaweza kusema tena kwamba alibuni mwenyewe. Angesema hivyo, ningeweka sindano mfukoni nikamwacha na mgongo wake nusu wazi, na yeye alilijua hilo.

"Mwanafunzi wangu," akasema.

"Ana jina."

Alivuta pumzi, na mshono mmoja ukakatika kwa pumzi hiyo. "Mwanaheri. Mwanaheri binti Mwinjuma. Alikuja na uzi, mimi nikasema amekosea. Hakuwa amekosea. Ndiye huyu nyuma yangu."

Na watu wakafanya nini? Wakapiga makofi! Wakasimama kabisa. Mshereheshaji sauti ikamtetemeka. "Mwalimu na mwanafunzi wake, mabibi na mabwana! Kumbe ndiye huyu anayemshonea! Kinyozi hajinyoi, leo tumeona!" Mtu akaja kunitunza, akanibandika noti kwenye paji la uso. Kisasi changu cha miaka yote ile walikifanya utamu wa sherehe, nikatamani kuwapigia ukelele kwamba hawakuelewa kitu. Aliyeelewa alikuwa mmoja tu. Jovina alikuwa ameshasimama, anaangalia ule mstari mwekundu ukipanda kwenye buluu, kisha akalitazama gauni lake lililomkaa bila kasoro, kisha akanitazama mimi. Nami sikuyakwepa macho yake.

Kipaza sauti kikaondoka, muziki ukarudi. Nilikuwa nimefika karibu na kola.

"Mzee Mwinjuma yupo?" mwalimu akauliza polepole, bila kugeuka.

Nikajua basi kwamba hakuna alichokuwa amekisahau, wala kahawa, wala neno lake.

"Alifariki."

"Na ile minazi?"

"Ipo, mwalimu. Inazaa."

Mabega yake yalianza kutetemeka chini ya mikono yangu. Nikamwambia atulie, nikashona mshono wa mwisho, nikakata uzi kwa meno.